Mrejesho: hofu kabla ya mbio za mita 1,500

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini miguu yangu huwa mizito na pumzi hunikatika kabla ya mlio wa bastola, ilhali mazoezini ninakimbia vizuri. Nawashukuru nyote mlionijibu, kwani juzi Jumamosi nilishindana tena.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kutoichukulia hofu kuwa adui. Aliyenieleza utafiti wa wanasaikolojia Yerkes na Dodson wa mwaka 1908, uliofanywa kwa panya na kuonyesha kwamba katika kazi ngumu msisimko ukipita kiasi huharibu utendaji, alinifungua macho: nilikuwa nikijitahidi kuufuta msisimko wote, jambo lisilowezekana, badala ya kuupunguza tu. Kwa hiyo kila usiku kwa wiki tatu nilifumba macho na kuikimbia mbio nzima akilini, pamoja na maumivu ya mzunguko wa tatu, na siku yenyewe nilitoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta.

Nilimaliza wa nne, na miguu ilikuwa yangu tangu hatua ya kwanza. Hata hivyo, nilipopitwa katika mita 300 za mwisho mawazo yalitawanyika. Nikamkumbuka Mtanzania Filbert Bayi, ambaye katika mbio hizi hizi aliongoza tangu mwanzo kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2 huku John Walker wa New Zealand akimfukuzia kwa karibu. Utulivu wa namna hiyo ndio ninaoanza kuufanyia mazoezi sasa.