Neema yuko Padua

NEEMA: Shikamooni wote. Nimeshuka treni Padua, Italia, asubuhi hii. Nina begi moja tu la mgongoni, nimeliacha hosteli mpaka saa nane kitanda kiwe tayari.

MAMA NEEMA: Marahaba mwanangu. Uko na nani? Umekula?

NEEMA: Niko peke yangu mama, lakini mji umetulia, watu na baiskeli zao. Nimekunywa kahawa ya maziwa na andazi lao lenye jamu ndani.

SHANGAZI PERPETUA: Padua ya Mtakatifu Antoni???

NEEMA: Hiyo hiyo shangazi. Kaburini kwake nitakwenda jioni. Sasa hivi nina tiketi ya saa nne na nusu ya kikanisa cha Scrovegni, kile alichochora Giotto.

BABA MDOGO: Kanisani kwa tiketi?

NEEMA: Ni makumbusho siku hizi baba mdogo. Wanaingia watu wachache kwa zamu, na nafasi unakata mtandaoni mapema. Ukichelewa zamu yako imepita. Mnakalishwa kwanza dakika 15 kwenye chumba cha vioo hewa isawazishwe, maana unyevu na vumbi tunaotoka nao barabarani vinaharibu michoro. Halafu ndani dakika 15.

MJOMBA DEO: Dakika 15, na umetoka Ujerumani yote hiyo?

NEEMA: Ndiyo mjomba. Jana usiku nilikuwa nasoma nijue pa kuangalia kwanza. Ngoja niingie, simu naizima mlio.

*(baada ya saa moja)*

NEEMA: [Picha 6]

NEEMA: Nimetoka. Nimekaa kwenye benchi la bustani hapa nje, naandika kabla sijasahau.

NEEMA: Kwa nje ni matofali tu, ungepita usigeuke. Ndani dari lote ni buluu yenye nyota za dhahabu. Si kubwa, urefu kama mita 21, na kwenye kuta ndefu madirisha yako upande mmoja tu. Kuta zote ni hadithi, safu tatu moja juu ya nyingine. Unaanza juu na wazazi wa Bikira Maria, unazunguka mpaka utotoni kwa Yesu, unazunguka tena mpaka mateso na ufufuko.

BARAKA: Dada hiyo nyota juu ya zizi mbona ina mkia?

NEEMA: Umeona eee! Hiyo ni picha ya Mamajusi. Nyotamkia ya Halley ilionekana mwaka 1301, na Giotto alichora hapa kati ya 1303 na 1305, kwa hiyo wengi wanaamini alichora kile alichokiona kwa macho yake. Ndiyo sababu chombo cha anga cha Ulaya kilichokwenda kuikaribia nyotamkia hiyo mwaka 1986 kiliitwa Giotto. Mwambie mwalimu wako wa fizikia.

BARAKA: Na ngamia ana macho ya buluu 😳

BABA MDOGO: Hii ya wazee wawili wanaokumbatiana langoni ni akina nani? Biblia siikumbuki hivyo.

NEEMA: Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Haimo kwenye Biblia, inatoka kwenye kitabu cha zamani kinachoitwa Injili ya Yakobo. Wamezeeka hawana mtoto, Yoakimu amefukuzwa hekaluni kwa aibu hiyo, amekwenda kukaa na wachungaji. Malaika anawapa habari, wanakutana kwenye Lango la Dhahabu. Mtazame Anna alivyomshika mzee wake, mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine shavuni penye ndevu. Nyuso zimekaribiana hadi hujui jicho hili la nani.

MAMA NEEMA: Sikukuu yao ni tarehe 26 Julai. Bibi yenu ni somo wa Anna.

NEEMA: Najua mama. Hiyo nimepiga kwa ajili yake. Baraka msomee Bibi.

BARAKA: Namsomea. Anasema mzee ameshikwa vizuri.

MJOMBA DEO: Mimi nauliza la ufundi. Hii rangi imepakwa juu ya lipu iliyokauka?

NEEMA: Hapana mjomba, mbichi. Fundi anapiga lipu ya chokaa na mchanga kipande kile tu anachoweza kukimaliza siku hiyo, anachora kabla haijakauka. Chokaa ikikauka rangi inafungwa humo humo. Kesho anaunganisha kipande kingine.

MJOMBA DEO: Basi maungio lazima yaonekane. Hakuna fundi anayeficha maungio ya siku mbili.

NEEMA: Yanaonekana! Nimeyaona kwa macho yangu kuzunguka vichwa vya watu. Wataalamu wanayahesabu hayo hayo kujua kazi ilichukua siku ngapi. Na ile buluu ya nguo nyingi haikukubali lipu mbichi, ikabidi ipakwe juu ya kavu, ndiyo maana nguo ya Bikira Maria sehemu nyingine imebanduka.

MJOMBA DEO: Miaka 700 lipu bado iko ukutani. Sisi tunapiga Januari, Juni imepasuka. Mheshimu huyo mtu.

SHANGAZI PERPETUA: Na aliyejenga ni askofu?

NEEMA: Hapana, tajiri wa mji, Enrico Scrovegni. Baba yake Reginaldo alikuwa anakopesha fedha kwa riba, jina lake likawa baya mpaka mshairi Dante akamweka motoni kwenye shairi lake. Inasemwa mtoto alijenga ili kufidia dhambi hiyo.

MAMA NEEMA: Kausha damu!

NEEMA: Ndiyo mama, neno ni hilo hilo. Na ukutani, juu ya mlango mkuu, kuna Hukumu ya Mwisho. Wakopeshaji wananing'inia motoni kwa kamba za mifuko yao ya fedha. Upande wa pili, kwa waliookoka, Enrico mwenyewe amepiga magoti anamkabidhi Bikira Maria kanisa hili hili, padri amelibeba begani kama mtu aliyebeba kabati.

SHANGAZI PERPETUA: Mama mmoja wa jumuiya yetu mwezi uliopita kabebewa friji na makochi kwa deni la laki tatu. Watoto wanaangalia. Kwa hiyo naomba uniambie, huyo Enrico aliwarudishia watu?

BABA MDOGO: Zakayo alisema atarudisha mara nne.

NEEMA: Kwenye kuta zile wadeni sikuwaona, shangazi. Nilitafuta.

SHANGAZI PERPETUA: Nilijua.

MAMA NEEMA: Lakini tusingekuwa na picha hizi.

SHANGAZI PERPETUA: Picha nzuri wifi, sikatai. Friji ya mwenzetu bado haijarudi.

NEEMA: Naomba niseme moja tu, halafu niwaache mle. Fungueni picha ya tano. Yesu ameshushwa msalabani. Mama yake amemshika shingoni, uso kwa uso, anamtazama kama anasubiri aseme neno. Malaika juu wanalia kila mmoja kivyake, mmoja anajikwaruza mashavu. Lakini angalieni mbele kabisa. Wanawake wawili wamekaa chini, wametupa migongo, wamejifunika nguo nzito. Nyuso zao huzioni. Mmoja ameshika kichwa cha marehemu, mwingine mkono.

NEEMA: Nilipowaona hao wawili niliacha kuangalia kitu kingine chochote. Ni msiba wa Babu. Ni sebuleni kwetu, mikeka, nyinyi mmekaa na khanga mabegani, mimi nimesimama mlangoni naona migongo tu. Huyu mchoraji alijua kwamba uchungu unauona hata mgongoni kwa mtu. Dakika zangu nyingi zimeishia hapo na sijuti.

MAMA NEEMA: Mwanangu.

SHANGAZI PERPETUA: Mimi ndiye nilikuwa kichwani kwa Baba. Bibi alikuwa mkononi.

NEEMA: Najua shangazi.

*(jioni)*

NEEMA: Niko nje ya Basilika ya Mtakatifu Antoni. Njiani nilipita kanisa la Eremitani, lile jirani kabisa na la Scrovegni. Tarehe 11 Machi 1944 bomu lililipiga, sehemu kubwa ya michoro ya mchoraji Mantegna ikawa vipande zaidi ya 80,000. Wataalamu wa hesabu walitumia kompyuta kutafuta kila kipande kilikaa wapi. Sehemu nyingi bado hazina rangi yake, ni visiwa vidogo tu. La Giotto hatua chache pale halikuguswa.

MJOMBA DEO: Mungu mkubwa.

SHANGAZI PERPETUA: Antoni, Antoni!

NEEMA: 😊 Shangazi unajua kazaliwa Lisbon, Ureno? Padua ndiko alikofia, mwaka 1231. Altareni kuna sanamu za shaba za Donatello, lakini watu hawazitazami, wote wanakwenda kaburini. Unapita nyuma, unaweka kiganja kwenye jiwe. Mbele yangu alikuwepo mama mzee, kaweka kiganja, halafu kaweka na paji la uso. Pembeni picha zimejaa: watoto, harusi, mtu aliyepona ajali.

SHANGAZI PERPETUA: Uliweka?

NEEMA: Niliweka mkono, nikataja majina. Babu kwanza, kisha Bibi, kisha wote wa kikundi hiki, na yule mama wa friji. Picha ya Babu ya kwenye kitambulisho nimeiacha pale.

SHANGAZI PERPETUA: 🙏🏾🙏🏾🙏🏾 Asante mwanangu. Jumapili nitaiambia jumuiya.

MAMA NEEMA: Umekula mchana? Na hosteli mlango unafungwa kwa funguo?

NEEMA: Nimekula mama. Chumba kina vitanda sita, ni wasichana watupu, kila mtu na kabati lake la kufuli.

MJOMBA DEO: Kesho ukipata nafasi nipigie picha ya maungio, karibu kabisa.

NEEMA: Tiketi ni mara moja mjomba, lakini ninayo moja, nakukuzia.

BARAKA: Dada, Bibi anasema ile ya wanawake waliokaa chini uitume tena, peke yake. Ataitazama kesho asubuhi nje kwenye mwanga.

NEEMA: [Picha]