Tupeane uzoefu: kuwafundisha vijana ubaguzi wa rangi kwa mashairi, kipi kinasaidia na kipi kinaharibu

Ticha wa Fasihi
Walimu wenzangu, habari za kazi. Kila ikikaribia 21 Machi, siku ya kimataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi, hali ni ileile. Mwalimu anagawa shairi, linasomwa, anauliza "wewe ungejisikiaje?", darasa zima linajibu "ningesikitika sana", kengele inalia. Kijana wa miaka 14 analijua jibu analolitaka mwalimu, anampa, anaenda zake. Tupeane uzoefu: shairi gani, hatua gani, dakika ngapi, na wapi huwa panaharibika. Naomba tuongee mambo ya darasani.

KalamuNzito
Hilo swali la "ungejisikiaje" lifutwe kabisa. Anza na shairi fupi. "Incident" la Countee Cullen, mshairi mweusi wa Marekani, la 1925, lina mishororo 12 tu, beti tatu. Mtoto mweusi wa miaka minane yuko Baltimore, amejaa furaha, anamwona mtoto mwenzake anamkodolea macho. Anamtabasamia. Yule anamtolea ulimi na kumtusi kwa rangi yake.

Kwa kipindi cha dakika 40: gawa karatasi yenye beti mbili za kwanza peke yake. Soma kwa sauti mara mbili, ya pili polepole, usieleze kitu. Kisha waambie kwamba mtoto huyu aliuona mji huo kuanzia Mei hadi Desemba, waandike vitu vitano alivyoviona katika miezi hiyo. Wape dakika 6. Wataandika maghorofa, meli, theluji, treni, sherehe. Wasomeane wawili wawili. Ndipo ugawe ubeti wa tatu, ambamo anasema katika yote yaliyotokea huko, analolikumbuka ni lile moja tu.

Halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 20. Orodha zao ziko mezani, vitu vyote walivyompa mtoto yule vimefutika, na hakuna aliyewahubiria.

Panapoharibika ni pawili: ukigawa shairi zima tangu mwanzo, au ukikiogopa kimya ukaanza kukijaza maelezo.

MamaKidato
Nakazia hapo kwenye 20. Wanafunzi hukivumilia kimya, mwalimu ndiye hushindwa.

Bwana Kituo
Umeruka jambo zito, KalamuNzito. Lile tusi limo ndani ya shairi. Linasomwa au halisomwi? Mimi nasema lisomwe. Mshairi aliliweka makusudi, na ukilifunika unamfunika yeye.

KalamuNzito
Halisomwi kwa sauti. Lile neno ndilo kina cha mwisho cha ubeti wa pili, kwa hiyo sikio linalisubiri. Msomaji anafika pale, anasimama sekunde mbili, anaendelea na ubeti. Pengo lile lina nguvu kuliko neno, na hakuna mtoto anayetoka darasani na tusi jipya mdomoni.

Bwana Kituo
Hiyo ni kuwalea kama mayai. Neno hilo wanalikuta kila siku kwenye simu zao.

Mwalimu Kiungo
Kulikuta kwenye simu na kulisikia kutoka kwa mwalimu si sawa, mkuu. Mwalimu akilitamka, limepata ruhusa. Na mmenikumbusha somo moja ambalo kila anayefundisha mada hii anapaswa kulijua, jinsi lilivyokwenda dakika kwa dakika.

Darasa la miaka 14 hadi 15, shule sitaitaja. Ni shairi hilohilo, lakini mwalimu aliamua wanafunzi walisome kwa zamu, kila mmoja mishororo miwili, wakifuata safu za madawati. Hakupiga hesabu mapema zamu ya nani itaangukia wapi. Mshororo wenye tusi ukamwangukia binti ambaye peke yake darasani alikuwa na rangi ile inayotukanwa. Akasimama na karatasi mkononi, hasomi. Nyuma mtu akacheka, cheko la kutojua la kufanya, lakini cheko ni cheko. Mwalimu akasema, "Endelea, ni fasihi tu." Binti akalisoma lile neno. Hapo wakacheka wengi.

Kosa la pili likafuata papo hapo. Mwalimu alitaka kumwinua, akamgeukia mbele ya wote: "Hebu waeleze wenzako, huwa mnajisikiaje?" Huo wingi, "mnajisikiaje", ulimfanya mtoto mmoja msemaji wa mamilioni ya watu. Akajibu, "Sijui." Kipindi kikaisha. Mapumziko ya mchana kijana mmoja akamwita kwa neno lile, na alipoulizwa akajibu, "Limo kwenye shairi, mwalimu kasema ni fasihi tu."

Angalieni mpangilio wake. Shairi halikuwa na kasoro. Zamu za kusoma ndizo zilizomweka binti pale, kauli ya "fasihi tu" ikatoa ruhusa, lile swali likamtenga. Mambo hayo matatu yanazuilika kabla ya kuingia darasani.

Penseli Butu
Nimesoma mara mbili. Huyo binti ikawaje?

MamaKidato
Na mwalimu alichukuliwa hatua?

Mshororo wa Mwisho
Jamani, mada ni ufundishaji. Lakini hata mimi nataka kujua.

Mwalimu Kiungo
Nieleze matengenezo, maana ndiyo yenye faida kwetu. Siku hiyohiyo mtu mzima ambaye binti alimchagua mwenyewe alikaa naye faragha. Hakuulizwa "unajisikiaje", aliulizwa "unataka kesho iweje?" Akasema hataki kutajwa. Kesho yake mwalimu alilieleza darasa alichokosea yeye, bila jina la mtoto na bila kulazimisha mtu kuomba radhi hadharani. Aliyetusi alishughulikiwa kama mtu aliyetusi, kwa kanuni za shule, pamoja na mzazi wake. Shairi likawekwa kando muhula mzima. Darasa likitokea tukio la ubaguzi, shughulikia tukio. Usilifunike kwa shairi.

Bwana Kituo
Nimekuelewa kuhusu kusoma kwa sauti. Bado nasema kwenye karatasi neno libaki kamili.

KalamuNzito
Hapo tunakubaliana.

Malenga wa Zamu
Kuna wanaopenda njia ya mkato: gawa darasa kwa rangi ya macho, kundi moja linyanyaswe siku nzima, wataelewa. Mwalimu Jane Elliott alilifanya zoezi hilo Iowa, Marekani, mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Walimu wengi wamelisikia wakalichukua hivihivi.

Mwalimu Kiungo
Silipendekezi kwa mtu yeyote. Wale walikuwa watoto wa darasa la tatu, na zoezi limebishaniwa hadi leo. Kijana wa miaka 16 ama ataigiza ama atalipiza kisasi cha mambo mengine. Na mtoto anayebaguliwa tayari nje ya darasa unampa dozi ya pili. Shairi lina faida kwamba mtu anaweza kulikaribia kadiri anavyoweza na kurudi nyuma.

Mshororo wa Mwisho
Sasa niseme linalonikera zaidi. Tunafundisha hisia bila sheria. Kijana anaondoka akiamini ubaguzi ni mtu mmoja mwenye adabu mbaya aliyetoa ulimi. Haoni ofisi, karatasi na mihuri.

Chukueni shairi la Ingrid Jonker, mwanamke mzungu wa Afrika Kusini aliyeandika kwa Kiafrikana, kuhusu mtoto aliyepigwa risasi na askari huko Nyanga mwaka 1960. Nelson Mandela alilisoma bungeni tarehe 24 Mei 1994. Shairi linamalizika kwa mtoto aliyekua akawa jitu, anasafiri dunia nzima bila pasi. Darasa lisilojua pasi ni nini linaona mwisho wa kawaida. Kwa hiyo kabla ya kusoma, tumia dakika 10 kwa haya tu: mwaka 1952 Afrika Kusini ilipitisha sheria ambayo jina lake lilidai inafuta pasi, na sheria hiyohiyo ikawalazimisha Waafrika waliotimiza miaka 16 kubeba kitabu cha utambulisho chenye picha na habari za kazi, wanaume kwanza, wanawake baadaye. Ukikutwa huna, unakamatwa. Tarehe 21 Machi 1960, watu waliokusanyika Sharpeville kupinga pasi walifyatuliwa risasi na polisi, wakafa 69. Ndiyo maana tarehe ikawa hiyo.

Sasa uliza ni nani darasani ametimiza miaka 16. Wasinyooshe mikono, kila mtu ajijue. Ndipo usome shairi. Mshororo wa mwisho unatua wenyewe.

Ticha wa Fasihi
Hii naichukua. Je, zoezi la kuandika baada ya hapo?

Mshororo wa Mwisho
Shairi la kufuta. Chapa ukurasa mmoja wa sheria au tangazo la serikali ya wakati ule, maneno 200 hadi 300, ukiwa umeutafsiri. Wasome. Kwa penseli wazungushie maneno 20 hadi 30 wanayotaka yabaki, wayasome kwa mfuatano, wabadilishe wakitaka. Mwishoni kabisa ndipo wapake wino mweusi juu ya mengine yote. Wakianza na wino wanafuta neno wanalolihitaji dakika tatu baadaye, na hasira zinaishia kwenye karatasi. Weka karatasi ya pili chini, wino hupenya. Kinachobaki ni sauti ya mtu ikitokea ndani ya lugha ya ofisi, na mwanafunzi hakulazimika kujifanya mtu ambaye si yeye.

Malenga wa Zamu
Naunga mkono hilo la kutojifanya. Insha na mashairi ya "mimi ni mtumwa, minyororo imenibana" yaishe. Kijana anaiga filamu, anabuni lafudhi, wenzake wanacheka. Mpe nafasi ambayo kweli anaweza kuisimamia, ya shahidi. Alikuwepo, aliona, alifanya nini? Kwa tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane na nane, inakaa hivi:

Kalamu ikaanguka, hakuna aloinama,
Darasa lote kucheka, nami pale natazama,
Jina baya likatoka, sikuthubutu kusema,
Kimya changu nakumbuka, ndicho kinachoniuma.

Huo ubeti ni wa mfano, mnaweza kuutumia. Hakuna neno "ubaguzi" humo. Darasani ninapendekeza marufuku kwenye rasimu ya kwanza: huzuni, uchungu, machozi, ubaguzi, upendo, amani. Ukiyaondoa hayo, kijana analazimika kutafuta kalamu, dawati, mkono, sauti.

Penseli Butu
Vina na mizani kwa mada hii ni mzigo. Mtoto ana jambo zito la kusema, wewe unamhesabia silabi. "Ubaguzi wa rangi" ni mizani saba, nimeona wanavyohangaika kutafuta ya nane hadi wanaandika "rangini" isiyo na maana. Shairi huru, basi.

Malenga wa Zamu
Mizani humpa kijana mwenye aibu kitu cha kushika. Akiwa anahesabu, anasema mambo ambayo asingeyasema akiangalia karatasi tupu. Akibanwa na saba, abadili mshororo wote, asitie kiraka. Kina kibaya kinaonyesha wazo bado halijaiva.

Penseli Butu
Au kinaonyesha mtoto amechoka. Tuwaachie wachague, na anayetaka huru apewe sharti jingine: mishororo 10, kiungo kimoja cha mwili, sauti moja, kitu kimoja cha kushikika.

MamaKidato
Sharti zuri. Na ngonjera? Vijana wanapenda kulumbana jukwaani.

Malenga wa Zamu
Hapana, kwa mada hii tahadhari kubwa. Ngonjera inampa kila upande hoja na heshima sawa, mpaka wapatane mwishoni. Ukimweka mbaguzi na anayebaguliwa walumbane, umegeuza utu wa mtu kuwa mada ya mdahalo, na mara nyingi anayepewa nafasi ya mbaguzi ndiye mchekeshaji wa darasa, anapigiwa makofi. Ikibidi, walumbane mashahidi wawili: mmoja alinyamaza, mwingine alisema. Hapo kuna hoja ya kweli pande zote mbili.

Ticha wa Fasihi
Alama je? Wakuu wa idara wanataka alama.

Mwalimu Kiungo
Usisahihishe hisia. Ukitoa alama kwa "huruma" utapata huruma ya kutengenezwa. Kwa alama 10: picha za kushikika 4, sauti na mpangilio 3, marekebisho kati ya rasimu ya kwanza na ya pili 3. Hizo 3 za mwisho ndizo ninazozithamini. Kijana anayefuta "maskini yule" na kuandika alichofanya yule mtu ameanza kumwona.

Penseli Butu
Mimi nisingetoa alama yoyote. Wiki moja bila alama haiui shule.

MamaKidato
Niongeze shairi la Oswald Mtshali wa Afrika Kusini kwa madarasa ya chini, lile la mtoto kwenye bembea, kitabu cha 1971. Ni fupi, halina tusi lolote. Mtoto anapanda na kushuka, kisha anamuuliza mama maswali ya kitoto, atavaa suruali ndefu lini, na la mwisho: kwa nini baba alifungwa? Liache lile la mwisho kama lilivyo. Waambie kila mmoja aandike swali moja ambalo mtoto huyo angeuliza kesho yake. Mshororo mmoja tu. Yakusanye bila majina, uyasome mfululizo.

Ticha wa Fasihi
Kwa darasa la 45 inawezekana?

MamaKidato
Inawezekana. Kata vikaratasi mapema, soma kama 15 tu, mengine ubandike ukutani. Yapitie yote kabla ya kusoma hata moja kwa sauti. Likitokea linalomhusu mtoto aliyemo humo darasani, liweke mfukoni, uongee naye baadaye. Na usifanye kipindi cha mwisho cha Ijumaa, watoto wasije wakaenda nyumbani na jambo ambalo huna siku ya kulirudia.

Bwana Kituo
Mimi hata Jumatatu siiweki, wanakuwa bado na usingizi. Jumanne hadi Alhamisi, kabla ya mapumziko. Na kopi ziwe na maandishi makubwa na pambizo pana upande wa kulia, wapate mahali pa kuandikia.