Chanzo cha miale ya kosmiki: tufuate chembe zenyewe au nyutrino?

Mwalimu wa Temeke
Habari zenu ndugu. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanauliza ni njia ipi ya kuaminika zaidi katika kutafuta inakotoka miale ya kosmiki (protoni na viini vingine vya atomu vinavyotufikia kutoka anga za mbali) yenye nishati kubwa mno. Naomba hoja, si jibu tu.

Mkaazi wa Kigamboni
Shikamoo Mwalimu. Mimi nachagua chembe zenyewe. Uga sumaku wa galaksi yetu hupinda njia ya kila chembe yenye chaji, lakini kadiri nishati inavyopanda ndivyo mpindo unavyopungua, hata protoni ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 10²⁰ kwa kawaida hupinda nyuzi chache tu. Tena chembe hizo haziwezi kutoka mbali sana, kwa kuwa hupoteza nishati zikigongana na mnururisho wa mikrowevu uliojaa ulimwenguni, kama ilivyotabiriwa mwaka 1966.

Binti Saidi
Kaka, hesabu hiyo ni ya protoni. Kiini cha chuma kina chaji 26, kwa hiyo kwa nishati ile ile nyuzi 3 za protoni hukaribia 80, na hapo ramani yote huvurugika. Vipimo vya Pierre Auger, kituo cha kuchunguza miale hii kule Argentina, vinaonesha kwamba nishati inapopanda viini navyo huwa vizito zaidi. Faida uliyoitaja inaliwa na chaji. Chembe iliyopewa jina Amaterasu, iliyonaswa Utah tarehe 27 Mei 2021, ilionekana kutokea upande wa anga ulio karibu mtupu. Anayetazama omo la ngalawa ikiingia Feri hajui bado ilivua wapi.

Msomaji wa Ubungo
Basi nyutrino, chembe ndogo mno ambayo haina chaji, hivyo uga sumaku hauipindi. Tarehe 22 Septemba 2017 IceCube, kitambuzi cha nyutrino kilichoko Ncha ya Kusini, ilinasa moja iliyoelekeza kwenye galaksi TXS 0506+056.

Binti Saidi
Naikubali, ila kwa swali jingine. Nyutrino ile ilikuwa na takriban elektronivolti trilioni 290, na protoni iliyoizaa ilikuwa na nishati pungufu zaidi ya mara elfu kumi kuliko zile anazoziuliza Mwalimu.

Mwalimu wa Temeke
Ahsante, binti yangu. Nitawaeleza pia kwamba mwaka 2017 Auger ilionesha chembe zinazozidi elektronivolti 8×10¹⁸ huja kwa wingi kidogo kutoka upande ulio mbali na kitovu cha galaksi yetu, dalili kwamba zatoka nje yake. Je, uzito wa kiini hupimwaje?

Binti Saidi
Kwa kina ambapo manyunyu ya chembe, yanayozaliwa kiini kinapogonga hewa, hufikia kilele angani: kiini kizito hufika kileleni mapema, juu zaidi.