Nimelipia akili mnemba initungie dunia ya mchezo, imenibomolea hadithi nzima

Wakuu, nina hasira na siifichi.

Mimi ndiye msimulizi wa kikundi chetu cha michezo ya kuigiza mezani, ile ya dadu la pande 20. Safari hii nilitaka dunia ya kwetu: Kilwa ya karne ya 14, enzi alizopita msafiri Ibn Battuta (1331), dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwa masultani. Modeli niliichagua kwa ukurasa wa kwanza tu ilioniandikia. Ulikuwa mtamu kweli. Nikalipia mwezi.

Wiki tatu nimekesha nayo. Kila mji inauwekea kilabu chenye mapipa ya bia na moto wa kuota. Joto la Kilwa lile, moto wa kuota wa nini? Narekebisha, inaomba radhi, kurasa mbili mbele moto umerudi. Mtepe, chombo kinachoshonwa kwa kamba za makumbi, ikaupiga misumari ya chuma.

Lililonimaliza ni Jumamosi. Nawasomea wenzangu: jahazi la sultani linang'oa nanga Kilwa mwezi Januari kwenda Hormuz, kaskazini huko Ghuba ya Uajemi, "likisukumwa na kaskazi". Mmoja wetu, mtoto wa nahodha, akaweka dadu chini. "Kaka, kaskazi inatoka huko huko unakokwenda. Januari majahazi yanakuja. Kuondoka, subiri kusi." Nikanyamaza. Njama yote ya usaliti ilisimama juu ya safari ile. Mara Bi Mwanaisha, mhusika tuliyemzika kikao cha nne, katokea sokoni anauza ushanga. Dada aliyekuwa akiigiza mwanawe alifunga daftari lake.

Nikawaandikia wenye huduma. Jibu lao: niandike maelekezo yangu kwa ufasaha zaidi. Nimewapa kurasa 40! Mbona hawakuniambia kabla kwamba modeli nyingi huyakatakata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo nafasi ya kumbukumbu yake inajaa mapema na ya mwanzo yanadondoka? Hilo lilitakiwa likae pembeni ya bei.

Sasa wenye uzoefu nisaidieni: modeli gani mmeipa faili la dunia yenu, na kikao cha kumi bado inajua nani amekufa? Inayoandika vizuri msinitajie. Kabla ya kulipa tena naipa upepo, mtepe na kaburi la Bi Mwanaisha, napiga nayo soga kurasa 30 za mambo mengine, kisha nayauliza yote matatu. Aliyewahi kuipima hivyo aweke majibu hapa. Na pesa yangu bado naidai.