Kundi la familia, Watu wa Jaja (bibi yetu): laptopu ya Mama Shamim imenyamaza

16:42 Mama Shamim: Asalaam aleikum watu wa Jaja. Naomba msaada jamani, laptopu yangu imekataa kutoa sauti tangu jumamosi usiku. Picha iko, intaneti iko, lakini sauti hakuna ata kidogo. Na leo saa mbili usiku nina wanafunzi wangu wa Kiswahili, wako sita, nitawasikiaje

16:43 Mama Twaha: Waaleikum salaam dada. Pole bambi

16:45 Mama Shamim: Asubuhi nimeipeleka kwa fundi hapa Busia, akaifungua akaigonga gonga akasema kadi ya sauti imeungua, anataka laki moja na ishirini na niiache siku tatu. Nikamwambia nitarudi. Ada ya Shamim ndo nimetoka kulipa, hiyo laki naitoa wapi

16:51 Kasim: Dada usiirudishe huko tafadhali. Kwenye laptopu kama yako hakuna kadi ya sauti ya kuchomoa na kuweka ingine, ni kichipu kidogo kimechomelewa kwenye ubao mkubwa, na vile vichipu haviungui ovyo. Mtu kusema imeungua bila kuchomeka ata hedifoni kuijaribu, huyo ajaangalia. Inaniuma sana kwa sababu watu wanalipa hela hizo kila siku na shida ilikuwa kitufe kimoja tu

16:51 Kasim: Iko na ule mfumo wa Linux Mint niliokuwekea mwaka jana?

16:52 Mama Shamim: Ndo hiyo hiyo. Sijabadilisha kitu

16:52 Kasim: Shamim yuko nyumbani? Akae mbele ya mashine aniandikie kila anachokiona, neno kwa neno

16:58 Shamim: Shikamoo mjomba. Niko

16:59 Kasim: Marahaba. Jumamosi kabla sauti haijapotea mlifanya nini nayo?

17:01 Shamim: Tuliichomeka kwenye tv ya jirani na waya ya HDMI, tukaangalia video ya nikaa ya Rukia. Pale sauti ilitoka kwa tv vizuri. Kurudi nyumbani ndo kimya

17:02 Kasim: Umeniambia jambo kubwa sana. Sasa fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, Ctrl+Alt+T, uandike

sudo apt install pavucontrol

ni programu ndogo ya kusimamia sauti, haili data. Alafu andika pavucontrol uifungue

17:09 Shamim: Imefunguka lakini inasema Establishing connection to PulseAudio. Please wait... na haiendelei

17:10 Kasim: Sawa, ile programu inayogawa sauti imekwama. Andika hii bila sudo mbele, nasema tena bila sudo, maana inaendeshwa na wewe mwenyewe siyo na mkuu wa mashine

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

17:12 Shamim: Imefunguka sasa

17:13 Baba Twaha: Shemeji Kasim samahani naingilia. Mimi huku Arua laptopu yangu pia haina sauti, nimesoma kwenye intaneti wanasema toa PulseAudio yote kwa sudo apt remove alafu uweke upya. Nifanye?

17:13 Kasim: HAPANA shemeji usiguse. Ngoja nimalizane na Shamim dada ana kipindi saa mbili, nakuja kwako

17:14 Kasim: Shamim nenda upande wa Configuration, mwisho kulia. Palipoandikwa Profile pameandikwaje?

17:15 Shamim: Digital Stereo (HDMI) Output

17:16 Kasim: Ndo hapo. Mashine bado inadhani iko kwa jirani, inamwaga sauti kwenye tv ambayo haipo. Badilisha uchague Analog Stereo Duplex

17:18 Shamim: Nimebadilisha. Nimecheza video bado kimya mjomba

17:18 Mama Shamim: Ee Mola

17:19 Kasim: Tulia dada. Shamim acha video iendelee kucheza, nenda Output Devices, kuna mstari mrefu chini ya jina la sauti. Unacheza cheza au umelala?

17:20 Shamim: Unacheza, unaenda mbele unarudi vile mtu anavyoongea

17:22 Kasim: Basi sikilizeni wote maana hii ndo naitaka ieleweke humu ndani. Sauti inasafiri kama maji ya bomba, inatoka kwenye video, inaingia PipeWire ambayo ndo inagawa kila mtu apate chake, inashuka kwa ALSA ambayo iko ndani kabisa ya kernel, yaani kiini cha mfumo, ndo inafika kwenye kichipu alafu spika. Ule mstari ukicheza maana yake maji yamefika mpaka PipeWire, kwa hiyo video ni nzima, brauza ni nzima, PipeWire ni nzima, bomba limezibwa mbele ya hapo. Sasa chomeka iyafoni za simu kwenye tundu la laptopu

17:25 Shamim: Mjombaaa inasikika kwenye iyafoni!!

17:25 Mama Twaha: Alhamdulillah

17:26 Kasim: Dada umeona? Kile kichipu kilichoambiwa kimeungua ndo kinachoimba masikioni mwa Shamim sasa hivi. Laki na ishirini yako iko salama

17:27 Mama Shamim: Allahu akbar. Nilikuwa karibu nimpe

17:28 Kasim: Chomoa iyafoni Shamim. Pale pale Output Devices kuna sehemu imeandikwa Port. Niandikie ilivyo

17:29 Shamim: Headphones (plugged in)

17:29 Kasim: Na tundu liko tupu?

17:30 Shamim: Tupu kabisa. Ngoja nakutumia picha

17:33 Kasim: Nimeiona. Dada angalia hiyo picha uikuze, ndani ya tundu ukutani kuna kitu cha rangi ya udongo kama uzi wa nguo umekunjamana na vumbi. Mle ndani kuna kiulimi kidogo cha chuma, ukiingiza iyafoni kinasukumwa, ndo mashine inajua nyamazisha spika mtu amevaa. Huo uchafu unakisukuma mchana kutwa, kwa hiyo mashine inaamini kuna mtu amevaa hedifoni na inakaa kimya kwa heshima yake. Hiyo barabara yenu ya marramu ya malori ya mpakani, vumbi linaingia kila mahali

17:34 Shamim: Nitoe na sindano?

17:34 Kasim: Usitumie chuma mwanangu! Zima mashine, chukua kijiti cha meno cha mbao, ukwangue nacho ule uchafu taratibu ukutani usiusukume ndani. Alafu ingiza na kutoa jeki ya iyafoni mara kumi hivi

17:36 Kasim: Shemeji Baba Twaha niko kwako. Pale kwenye settingi za sauti inakuonyesha jina gani la spika?

17:37 Baba Twaha: Dummy Output peke yake. Hakuna kingine

17:39 Kasim: Hiyo yako ni shida tofauti na ya dada. Dummy Output maana yake mashine ajaona chombo chochote cha sauti, imejiwekea cha kubuni ili programu zisilalamike. Ukiondoa PulseAudio ungeharibu bure, na ile apt remove saa ingine inabeba na vitu vya desktop usipoisoma ile orodha kabla ya kujibu Y. Wala ushauri mwingi wa huko ni wa zamani. Zamani ya kugawa sauti ilikuwa PulseAudio, sasa ni PipeWire, kila aina ya Linux ilihama kwa wakati wake, Fedora walihamia 2021, Ubuntu toleo la 22.10, Mint toleo la 22 mwaka 2024, kwa hiyo mtu akikuandikia dawa ya 2012 anatibu mgonjwa mwingine kabisa. Wewe uko na nini?

17:40 Baba Twaha: Debian 12. Laptopu ni ya Intel, si ya zamani sana

17:41 Kasim: Tusome ujumbe wa mashine ilipowaka. Andika sudo dmesg | grep -i sof unipe linalosema error

17:46 Baba Twaha: Ni mingi. Mmoja unasema sof firmware file is missing

17:48 Kasim: Basi ugonjwa umejitaja wenyewe. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni sauti yake inapitia kwenye kaprosesa kake kadogo, na hako kanahitaji faili lake kila mashine ikiwaka, likikosekana ndo unapata Dummy Output. Andika sudo nano /etc/apt/sources.list, mistari yenye bookworm main (bookworm ni jina la Debian 12) hakikisha mwishoni kuna neno non-free-firmware, hifadhi, alafu

sudo apt update
sudo apt install firmware-sof-signed

kisha izime kabisa, usifanye restart, zima uhesabu hadi kumi uwashe

17:49 Baba Twaha: Data yangu imebaki kidogo ngoja ninunue bando

17:52 Shamim: Mjomba nimetoa kipande cha uzi wa bluu!! Ni wa ile sweta yangu ya shule. Nimewasha

17:53 Kasim: Port inasemaje?

17:54 Shamim: Saa ingine Speakers saa ingine inarudi Headphones. Nikigusa mashine inabadilika

17:56 Kasim: Kile kiulimi kimelegea basi, kimesukumwa muda mrefu. Haidhuru, tutaiambia mashine isikisikilize. Kwenye Port chagua Speakers. Alafu kwenye terminali andika alsamixer. Ukiona nguzo moja tu imeandikwa Master bonyeza F6 uchague HDA Intel

17:59 Shamim: Sasa nguzo ni nyingi. Master, Headphone, Speaker, PCM...

18:00 Kasim: Nenda na mshale mpaka kwenye Speaker. Chini ya nguzo pameandikwa 00 au MM?

18:00 Shamim: MM

18:01 Kasim: MM ni mdomo umefungwa. Bonyeza M mara moja iwe 00, alafu mshale wa juu upandishe mpaka 80 hivi, usifike mia spika ndogo zinapasuka sauti. Ukimaliza endelea kulia mpaka mwisho kabisa utakuta Auto-Mute Mode, itakuwa Enabled, bonyeza mshale wa chini iwe Disabled

18:04 Shamim: Tayari

18:04 Kasim: Toka na Esc. Andika speaker-test -c 2 -t wav

18:06 Shamim: 😭😭😭 Kuna mwanamke anasema Front Left alafu Front Right!! Mama amekuja mbio kutoka jikoni

18:06 Mama Shamim: Nimeisikia mdogo wangu. Nimeisikia na masikio yangu. Mungu akuweke

18:07 Mama Twaha: Vigelegele 🎉

18:08 Kasim: Amina dada. Shamim simamisha kwa Ctrl+C, alafu sudo alsactl store ndo izitunze, la sivyo kesho asubuhi mnaweza kurudi pale pale. Na kwa sababu tumezima Auto-Mute, ukivaa iyafoni saa ingine spika nazo zitaendelea kuimba, itabidi uchague mwenyewe kwenye settingi. Nikija Busia nitaangalia kile kiulimi

18:09 Kasim: Kabla hatujaachana, dada akiongea wanafunzi wanamsikia? Rudi pavucontrol, Input Devices, aongee tuone mstari

18:12 Shamim: Umelala

18:13 Kasim: alsamixer tena, F6, alafu F4. Nguzo ya Capture, bonyeza kitufe cha nafasi mpaka neno CAPTURE litokee kwa rangi nyekundu, ipandishe kidogo

18:16 Shamim: Unacheza! Mama anasema moja mbili tatu na mstari unaruka

18:17 Mama Shamim: Kumbe ata wangekuja nisingesikika. Miaka yote hii nafundisha watu maneno nikakaribia kukaa mbele yao bila neno. Nashukuru sana Kasim, wallahi sijui niseme nini

18:18 Kasim: Usiseme kitu dada. Ila nakuomba, na nyinyi wote humu, kabla ya kumpa mtu mashine aifungue chomekeni hedifoni kwanza. Kwenye hedifoni ikisikika kichipu ni kizima. Isiposikika bado msikate tamaa, washeni mashine na flashi ya Linux bila kuinstoli chochote, sauti ikitoka hapo basi shida iko kwenye settingi zenu siyo kwenye chuma. Ikikosa kote kote ndo mnitafute tuzungumze mambo ya fundi

18:40 Baba Twaha: Shemeji bando limeingia, inashusha sasa

19:05 Baba Twaha: Nimezima nimewasha. Dummy Output imeondoka, imeandikwa Speaker. Twaha ameweka kisomo cha Qurani nyumba nzima inasikia. Miezi minne nimekuwa natumia ile spika ya Bluetooth ya kuazima kwa jirani

19:06 Kasim: Maashallah shemeji. Mrudishie jirani spika yake na salamu zangu

20:09 Mama Shamim: Wanafunzi wote sita wako hewani. Mmoja kaniambia mwalimu leo sauti yako iko karibu sana. Naingia darasani, tutaongea

20:31 Jaja: Nimesoma yote na miwani yangu, zile herufi za kizungu sijazielewa. Sasa Shamim, ile nikaa ya Rukia niletee na mashine ijumaa ukija. Kwenye simu nilitumiwa ikawa haina sauti, vigelegele sijavisikia