Baraza la parokia limegawanyika: je, kisima kiandikwe katika utume wa kanisa? Naomba ushauri

Mzee wa Baraza, Katuba

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu na mama zangu.

Mimi ni mzee wa kanisa katika parokia moja ya Kilutheri hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Nimepewa kazi ya kuandaa andiko fupi la utume wa parokia, ukurasa mmoja tu, litakalojadiliwa na baraza Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi ilionekana nyepesi. Sasa imezua ubishi, kama kisima cha maji tunachotaka kichimbwe kitajwe humo, ubishi ambao umefika hadi kwenye korali, na nisingependa ufike madhabahuni.

Kundi la kwanza linaongozwa na mwalimu wetu mstaafu wa katekisimo, mzee ambaye wengi wetu tulipita mikononi mwake kabla ya kipaimara. Wao wanasema andiko liwe na sentensi moja: kazi ya kanisa ni kuhubiri Injili na kutoa sakramenti. Wanategemea kifungu cha 7 cha Ungamo la Augsburg, tamko kuu la imani la Walutheri la mwaka 1530, kisemacho kwamba kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa inavyopasa, na kwamba kukubaliana katika hayo kunatosha kwa umoja wa kweli wa kanisa. Mwalimu anatuuliza: kama Ungamo linasema inatosha, ninyi mnaongeza kisima kwa mamlaka ya nani?

Kundi la pili ni la akina mama na vijana. Wanataka iandikwe waziwazi kwamba parokia inahubiri Injili na inawahudumia wenye shida, na kisima kitajwe. Anayeishi mtaani kwetu anawaelewa. Mabidoni ya manjano ya lita 20 hupangwa foleni kabla ya mapambazuko, kila moja na kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wake ili mwenyewe alitambue, na binti anayelinda foleni hiyo ndiye yule yule tunayemkemea kwa kuchelewa mafundisho ya Jumapili.

Mambo mawili yameongeza ugumu. Mshirika wetu wa ng'ambo yuko tayari kulipia kisima, lakini ameandika kwamba hana fungu la posho ya mwinjilisti wala la baiskeli yake. Tena kuna kijana wetu anayesoma teolojia ambaye ametuambia kwamba Matayo 25, panapotaka wenye njaa na kiu wahudumiwe, na waraka wa Yakobo unaosisitiza matendo, ni Sheria, yaani anachotudai Mungu, si Injili, yaani anachotupa bure katika Kristo, na kwamba kwa Mlutheri andiko linalofunga dhamiri ni lile linalomtangaza Kristo. Mwalimu alifurahi sana kusikia hivyo, ingawa siku nyingine huwa hawaelewani kabisa.

Naomba mnisaidie. Je, kuandika huduma ndani ya utume wa kanisa ni kuchanganya Sheria na Injili? Nami ninayeshika kalamu, niandike nini ambacho pande zote mbili zitaweza kukisoma bila kuinuka na kuondoka?

Msomaji wa Ungamo, Kampemba

Baba Mzee, umeuliza jambo ambalo Walutheri wamelibishania tangu Luther mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo baraza lako lisijione kwamba limepotea.

Nianze na kifungu cha 7. Mwalimu amekitaja kwa usahihi, lakini amekipa kazi isiyokuwa yake. Tarehe 25 Juni 1530, mbele ya Kaisari Karolo wa 5, Walutheri walikuwa wanashutumiwa kwamba wamejitenga na kanisa kwa kuwa taratibu zao za ibada zilikuwa zimebadilika. Jibu lao lilikuwa kwamba umoja wa kanisa hautegemei desturi zilizowekwa na wanadamu kuwa sawa kila mahali. Unategemea Injili na sakramenti. Maneno "inatosha" yanajibu swali la nini kinahitajika ili makanisa mawili yatambuane kuwa kanisa moja. Hayakuandikwa ili kuorodhesha kila kitu ambacho kanisa linatakiwa kufanya kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Tena, mwombe mwalimu arudi nyuma kifungu kimoja. Kifungu cha 4 kinafundisha kwamba tunahesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo kwa njia ya imani. Cha 5 kinasema Mungu ameweka huduma ya kuhubiri Injili na kutoa sakramenti ili tuipate imani hiyo. Kisha, kabla ya kufika kwenye kanisa katika cha 7, kuna cha 6, kinachosema imani hiyo inapaswa kuzaa matunda mema na kwamba inatupasa kutenda matendo mema aliyoyaamuru Mungu, pasipo kuyategemea ili kustahili kibali chake. Walioandika hawakukiweka hapo kwa bahati. Yeyote anayeruka kutoka cha 5 hadi cha 7 ana Ungamo lenye pengo, na nadhani ubishi wenu wote umeingia kwenye pengo hilo.

Ubishi wa namna hii ulitokea pia baada ya Luther kufa mwaka 1546. Georg Major, mwanateolojia wa Kilutheri, alisema matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa zamani wa Luther, alikasirika hadi akasema matendo mema yanadhuru wokovu. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, ungamo la Walutheri la kumaliza mabishano yao, iliwakataa wote wawili katika kifungu chake cha 4: matendo mema hayaingii katika kuhesabiwa haki, lakini aliyeamini hana ruhusa ya kuyaona kama jambo la hiari analoweza kuliacha akitaka. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kusimama.

Mwinjilisti mstaafu, Likasi

Nimesoma kwa makini na sikubaliani na ndugu wa Kampemba katika jambo moja, ingawa historia yake ni sahihi.

Hoja ya mwalimu si ya kijinga. Mnazungumza kana kwamba hatari pekee ni kanisa linalohubiri huku watu wana kiu. Mimi nimeona hatari nyingine. Parokia inaandika "Injili na maendeleo". Miaka inapita, wageni wanakuja kupiga picha za mradi, ripoti zinahesabu mabomba na mashine za kushonea, na hakuna anayeuliza ni lini mara ya mwisho mgonjwa alipelekewa Meza ya Bwana nyumbani. Kisima kinaweza kuchimbwa na serikali, na kampuni ya madini, na Waislamu, na mtu asiye na dini yoyote. Msamaha wa dhambi kwa jina la Yesu hakuna mwingine atakayeutangaza tukinyamaza. Luther alisema katika hoja ya 62 kati ya zile 95 za mwaka 1517 kwamba hazina ya kweli ya kanisa ni Injili takatifu ya utukufu na neema ya Mungu. Hazina, ndugu zangu. Usiiandike kwenye mstari mmoja na vitu vingine kama orodha ya soko.

Mzee, kama utaandika vyote viwili, basi mpangilio wa sentensi uoneshe kipi ni chemchemi na kipi kinatiririka kutoka humo.

Mwanafunzi wa teolojia

Baba Mzee, shikamoo. Huyo kijana ni mimi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikusema Matayo 25 iondolewe. Nilisema kwamba mtu akisimamishwa mbele ya Matayo 25 bila Injili, anatoka ama na kiburi ama na kukata tamaa, na kwamba kuwaambia waumini "chimbeni kisima ndipo Mungu awapokee" ni kuwarudisha utumwani. Mwanateolojia wa Kilutheri C. F. W. Walther alitoa mihadhara mizima juu ya jambo hilo huko St. Louis katika miaka ya 1884 na 1885. Kuhusu Yakobo, ni Luther mwenyewe aliyeuita waraka wa mabua katika dibaji ya Agano Jipya ya mwaka 1522, kwa sababu hakuona ndani yake sauti ya Injili. Je, kigezo cha kumtangaza Kristo si cha kwake?

Msomaji wa Ungamo, Kampemba

Mwanangu, kigezo ni chake, na hofu yako juu ya waumini kurudishwa utumwani ni ya kichungaji, ishike. Lakini tazama alichofanya Luther baada ya kusema hivyo. Alitafsiri waraka wa Yakobo, akauweka mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, akawaachia watu wausome. Katika matoleo ya baadaye ya Biblia nzima, maneno yale ya mabua hayakuwekwa tena katika dibaji.

Hoja yako iliwahi kulipasua kanisa moja huko Marekani. Katika Sinodi ya Missouri, walimu wengi wa Seminari ya Concordia ya St. Louis walishutumiwa kwamba wameifanya Injili kuwa kipimo pekee, hata sehemu nyingine za Maandiko zikabaki bila uzito. Wao walijibu kwamba Injili ndiyo inayoyapa Maandiko mamlaka, na kwamba wapinzani wao wameigeuza Biblia kuwa kitabu cha sheria. Mkutano mkuu wa New Orleans wa mwaka 1973 ulilaani mafundisho yao. Mkuu wa seminari, John Tietjen, alisimamishwa Januari 1974, na tarehe 19 Februari mwaka huo walimu wengi pamoja na wanafunzi wengi walitoka wakaanzisha seminari ya uhamishoni. Pande zote mbili ziliapa kwa maungamo yale yale.

Mimi nasoma hivi: Kanuni ya Makubaliano inafungua kwa kusema kwamba maandiko ya manabii na mitume ndiyo kanuni pekee ya kupimia mafundisho yote. Injili ndiyo moyo wa Maandiko hayo, nayo inatuonesha kila andiko linatusemesha kwa namna gani. Haitupi ruhusa ya kulinyamazisha. Matayo 25 inaweza kunihukumu leo, kisha kesho, nikiisha kusamehewa, ikanionesha mahali Bwana anaponingojea. Kifungu cha 6 cha Kanuni hiyo kinazungumzia hasa matumizi hayo ya Sheria kwa mtu aliyekwisha kuamini.

Mlutheri wa Bukoba

Jirani zetu wa Kongo, niruhusuni niingie, maana mambo mengi yametajwa ya Ujerumani na Marekani, na hili la mshirika anayelipia kisima na kukataa baiskeli ya mwinjilisti limekwisha kujibiwa hapa hapa Afrika.

Mwaka 1972 Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia, katibu mkuu wake akiwa Gudina Tumsa, lilipeleka barua kwa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani juu ya uhusiano kati ya kuhubiri Injili na maendeleo ya binadamu. Malalamiko yalikuwa haya yenu: makanisa ya Magharibi na mashirika yao ya misaada yanatoa fedha kwa urahisi kwa miradi ya maendeleo, lakini kwa uinjilisti mkono unakuwa mzito, wakati kanisa linakua kwa kasi na halina watu wa kulifundisha. Waethiopia hawakusema kisima si muhimu. Walisema binadamu hagawanyiki, na kwamba anayemgawa mwili na roho kwa mafungu ya bajeti anawaamulia wengine Injili yao ni nini. Barua hiyo ilileta mashauriano mjini Nairobi mwaka 1974. Gudina mwenyewe aliuawa mwaka 1979 chini ya utawala wa kijeshi wa Derg, kwa hiyo mtu asidhani alikuwa anatetea kanisa la kukaa kimya ndani ya kuta.

Askofu wetu Josiah Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano katika mkutano mkuu wa Dar es Salaam mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mkutano huo huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ungamo la imani, si siasa tu. Mwambieni mwalimu kwamba Walutheri waliokaa Dar es Salaam walikijua kifungu cha 7. Waliona kwamba palipo na watu wanaotengwa mezani pa Bwana kwa rangi yao, sakramenti zenyewe zimeguswa.

Ushauri wangu ni wa fedha: mjibuni mshirika kwa maandishi, kwa heshima, kwamba parokia inapokea kisima, na kwamba itatoa posho ya mwinjilisti kutoka sadaka yake yenyewe, hata ikiwa ndogo. Asiye na senti katika Injili yake ataandikiwa utume na wengine.

Mama wa Diakonia, Ruashi

Nashukuru kwa mafundisho. Mimi nina mawili tu.

Someni Matendo 6 katika kikao. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema hilo si letu, wala hawakuacha neno ili wagawe chakula. Waliwawekea mikono watu saba. Mbona baraza lenu linajadili sentensi na halijataja majina ya watakaowajibika?

La pili ni ufunguo. Pampu itafungwa, na mtu atashika ufunguo, na atakayeshika ndiye atakayeamua nani achote. Mji wa Leisnig, mwaka 1523, uliweka sanduku la pamoja la kuwasaidia maskini, Luther akaandika dibaji ya utaratibu wake. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, ili asiwepo mtu mmoja wa kulifungua peke yake. Andikeni pia kwamba asiye Mlutheri atachota sawa na mshirika wa kanisa. Mkiliacha hilo wazi, mtakuwa mmeuza neema kwa bidoni.

Mzee wa Baraza, Katuba

Nimesoma yote, na usiku nimempelekea mwalimu habari za kifungu cha 6. Alikaa kimya kwanza, kisha akaniambia nimletee andiko kabla ya Jumamosi, jambo ambalo kwake ni dalili nzuri. Nimeandika hivi:

"Parokia yetu imeitwa kuhubiri Injili ya Yesu Kristo na kutoa sakramenti, ambazo kwa hizo Roho Mtakatifu huamsha imani. Kutokana na imani hiyo, na kwa kulitii neno la Mungu, tunamhudumia jirani katika mahitaji ya mwili wake, awe wa kanisa letu au asiwe, bila kumtaka alipe kwa kuhudhuria ibada."

Kisima kitawekwa katika ukurasa wa pili, pamoja na majina ya watu wanne wa kamati ya maji na posho ya mwinjilisti kutoka sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Mwinjilisti mstaafu, Likasi

Sentensi ya kwanza naikubali. Katika ya pili, ongeza kwamba anayehudumiwa ataambiwa kwa nini tunamhudumia, kwa sababu "bila kumtaka alipe" inaweza kusomwa na mshirika wenu kama ahadi ya kunyamaza.

Mama wa Diakonia, Ruashi

Mwinjilisti amesema kweli, ila aambiwe baada ya kuchota, si kabla. Mzee, nina nakala ya Ungamo kwa Kiswahili. Nitampa mwanangu Ijumaa aifikishe Katuba, mradi mwalimu asiandike pembeni kwa kalamu ya wino.