TV ya setilaiti kukosa intaneti: tuilaumu kampuni au mwenye nyaya?

Wadau, kila kampuni ya TV ya setilaiti inapopoteza wateja hoja ni ile ile: walilala wakati dunia inahamia kwenye intaneti. Sikubaliani nayo hata kidogo: kwangu swali ni nani anamiliki nyaya za simu na intaneti zinazoingia nyumbani.

Tuanze na dishi lenyewe. Setilaiti ya TV hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na kumwaga mawimbi yale yale kwa nyumba zote kwa mpigo mmoja. Kwa mechi inayotazamwa na mamilioni sijaona njia bora zaidi, maana mtazamaji akiongezeka gharama ya kurusha haiongezeki. Shida ni njia ya kurudi. Ving'amuzi vya mwanzo vya DirecTV, kampuni ya TV ya setilaiti ya Marekani, vilikuwa na tundu la waya wa simu kwa nyuma, ili viweze kupiga na kuripoti filamu ulizonunua. Hata kujua umelipia nini, kampuni ilitegemea laini ya mwingine! Watu walipoanza kutaka kuchagua kipindi wenyewe kwa saa wanayotaka, tundu lile halikufaa kitu.

Walijaribu. Hughes, iliyoanzisha DirecTV, ilibuni setilaiti za Spaceway kwa ajili ya intaneti. Mbili zilizorushwa 2005 zikaishia kubeba chaneli za HD. Wengi huliita hilo kosa kubwa, lakini kwa umbali ule, kuomba na kujibiwa hula zaidi ya nusu sekunde, na jirani mwenye kebo hasubiri hivyo. Wakajaribu ubia: kampuni ya simu ya SBC ikauza TV ya EchoStar, kampuni nyingine ya setilaiti, pamoja na intaneti yake. Kufika 2006, SBC, ambayo sasa ilijiita AT&T, ilikuwa na TV yake, U-verse, inayopita kwenye nyaya zake yenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 2005 Sky, kampuni ya TV ya setilaiti ya huko, ilikubali kuinunua kampuni ya intaneti ya Easynet kwa pauni milioni 211, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza intaneti. Easynet haikuwa imetandaza waya hadi kwenye milango ya watu. Thamani yake ilikuwa mitambo iliyofungwa ndani ya vituo vya simu vya BT, kampuni kongwe ya simu ya Uingereza, kwa sababu BT ililazimishwa kuwakodishia washindani kile kipande cha mwisho cha waya kinachoingia nyumbani, kwa bei inayodhibitiwa. Mwaka 2006 kikaundwa ndani ya BT kitengo cha Openreach cha kusimamia nyaya hizo, ili washindani wahudumiwe sawa na BT yenyewe. Bila hayo, ujanja wote wa Sky usingeifikisha 2021 ikiuza Sky Glass, televisheni isiyohitaji dishi kabisa.

Marekani ilishika njia ya kinyume. Kati ya 2003 na 2005, FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, iliondoa kanuni zilizowapa washindani nafasi kwenye laini za DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu. Kwa DirecTV ikabaki kununuliwa na mwenye nyaya, na 2015 AT&T ikaichukua kwa dola bilioni 48.5 bila kuhesabu madeni. Ilipotengwa 2021, thamani yake ilikuwa kama bilioni 16.

Najua mtasema: basi, si alikuwa na mwenye nyaya na bado akaanguka? Nyaya za AT&T zilikuwa katika majimbo 21, dishi za DirecTV zilikuwa nchi nzima. Kwingineko kote mteja alinunua intaneti kwa mshindani, na mshindani huyo alimuuzia TV pia.

Hoja ninayoiheshimu ni ya wanaosema ukimlazimisha mtu kugawana nyaya, hatatandaza nyingine. Kwa faiba mpya nakubali apewe muda wa kurudisha mtaji wake. Lakini waya wa shaba ulitandazwa enzi za ukiritimba. BT ilikuwa ya serikali hadi 1984. Hapo ni mtaji wa nani tunaoulinda?

Starlink, intaneti ya setilaiti, inaruka kama kilomita 550 tu, kwa hiyo ule ucheleweshaji umepungua sana. Ni habari njema kwa vijijini, ila hiyo nayo ni mali ya kampuni moja.

Anayepinga anijibu hili: familia yenye dishi juu ya paa, na mtoa intaneti mmoja tu ambaye naye anauza TV, ina chaguo gani hasa?